Kiraka Kisichoshika

— Kiraka chako kibovu, kubali yaishe!

— Kibovu? Kimetoka kiwandani kwenyewe, Kufuli. Kati yako na kiwanda, nani anajua?

— Kiwanda hakilali humu ndani. Mimi ndiye ninayekesha na vidude vyako.

Waliokuwa wakigombana ni mjomba wangu na mlinzi wa usiku, ambaye sote tunamwita Kufuli. Kila asubuhi akitoka zamu hukaa kwenye benchi letu, kando ya mlango wa nyuma wa ghala la vipuri, anywe kahawa kabla ya kwenda kulala. Mimi ndiye ninayeuza kahawa hiyo, tangu nilipoacha shule kidato cha pili. Mjomba ni fundi wa mtandao wa ghala. Mtandao wenyewe hautumii waya kufika kwa watu; unatoka kwenye visahani vyeupe vilivyobandikwa darini, na wapakiaji huutumia kusoma lebo za maboksi kwa mashine za mkononi. Programu ya visahani hivyo ina kasoro. Vikishafanya kazi siku chache, kumbukumbu inajaa, vinawatupa watu wote nje ya mtandao na malori yanabaki yamesimama. Kiwanda kimetoa programu ya kuziba kasoro hiyo, ndiyo wanayoiita kiraka. Mjomba hukiacha jioni kijiwekee chenyewe usiku. Asubuhi akitazama, anakuta programu ileile ya zamani. Leo mtaalamu wa kiwanda alikuwa anakuja, na meneja alikwishasema kwamba kosa likiwa la mtu, mtu huyo aache funguo mezani aende zake.

— Mimi nasema ni paka, alisema Kufuli.

— Paka anafuta programu? aliuliza mjomba.

— Anailalia. Kisahani kina joto, na paka anapenda joto. Ukilaliwa usiku kucha, hata wewe utasahau ulichoambiwa jioni.

Kinyozi wa jirani alicheka. Yeye tunamwita Daktari, kwa sababu kabla ya kukunyoa lazima akuulize unaumwa wapi.

— Paka wapi! Kiwanda ndicho kinachotengeneza ugonjwa, halafu kinaleta dawa. Mimi nikikunyoa nywele zisiote tena, kesho nitakula nini?

— Kiraka wanatoa bure, Daktari, alisema mjomba.

— Bure? Basi hapo ndipo ungeogopa.

— Kunyweni kahawa, nikawaambia. Inapoa.

— Ngoja, binti. Mjomba wako hajasikia la maana, alisema Daktari na kusogea. Vile vidude vimegoma. Mchana kutwa vinabeba maneno ya ghala zima, kisha jioni, badala ya kuviambia poleni, unavitwisha kiraka. Vinakitema.

— Vinakitema wapi?

— Kwenye dari. Siku moja dari litawaangukia na viraka vyote.

Kufuli aliitikia kwa kichwa, akasema ndiyo maana paka amenenepa. Mjomba hakucheka. Alikuwa akizungusha kikombe mkononi bila kunywa.

Mwanamke mmoja mwenye begi mgongoni akasimama mbele ya benchi. Alisalimia, akasema ametoka kiwandani. Daktari akamsogezea nafasi, lakini hakukaa.

— Jamani, usiku taa za visahani zikianza kumeta njano, kuna mtu anayevigusa?

— Mimi hapa! alisema Kufuli, akajiweka sawa. Vikihangaika namna ile, nazima swichi kubwa ya ukutani, nasubiri kidogo, nawasha. Vinatulia kabisa. Tena sijawahi kusahau.

— Hapo havihangaiki, baba. Hapo ndipo vinajiwekea kiraka. Ukivikatia umeme katikati, vinarudi kwenye programu ya zamani.

Daktari akapata kitu cha kutazama upande wa pili wa barabara.

— Nani alikufundisha kuzima? aliuliza mgeni.

Mimi nilikuwepo siku alipofundishwa. Ilikuwa wiki ile visahani vilipofungwa, kabla hakujawa na kiraka chochote. Mjomba alivipanga vikombe vyangu kwenye benchi hili, akamwonyesha Kufuli: kikimeta, zima, subiri, washa, usinipigie simu nimelala. Kufuli naye hakuwa amesahau. Lakini alitazama viatu vyake.

— Basi, alisema mgeni. Nitamweleza meneja kwamba ni mlinzi.

Akaingia ndani. Mjomba akaweka kikombe chini.

— Kaa, alinong'ona Kufuli. Wewe una watoto shuleni. Mimi lango la kulinda sitalikosa.

— Kwa umri huo, nani atakupa lango?

— Kaa, nimesema. Kwani mimi nimelalamika?

Mjomba alikuwa ameshainuka. Alitoa funguo mfukoni, akazitazama, akazirudisha. Nilimwona akisukuma mlango wa nyuma kwa bega, kama wanavyosukuma wapakiaji wenye mizigo, na sauti yake ikatufikia benchini kabla mlango haujajifunga:

— Dada, usimtaje mzee. Mimi ndiye niliyemwambia azime, na sikurudi kumwambia aache.