Mwandishi Wetu

Lori la tumbaku lilipotoka Koboko, Viola, mwanafunzi wa uandishi wa habari, alifungua daftari akamwuliza mama aliyeketi kando yake alikimbilia wapi wakati wa vita vya mwaka sabini na tisa. Mimi niliketi nao juu ya marobota ya tumbaku, masikio wazi.

"Kwanza, wewe mutoto ya nani?" mama akauliza. Tulipofika Maracha, mama alikwisha kujua ukoo wa Viola, shule yake na mchumba aliyemkataa. Daftari lilikuwa bado jeupe.

"Mama, sasa jina yako. Siku hizi watu wanasema wazi."

"Bwana yangu alitaja jina yake kwa watu ya daftari. Walimuchukua." Akamkatia Viola kipande cha muhogo. "Na jina yako itakuwa juu ya hii habari?"

"Hapana. Kwa gazeti wanaandika tu 'Mwandishi Wetu'."

Mama akacheka, akamfuta vumbi shavuni. "Kumbe na wewe unajificha! Andika yako kwanza, yangu ifuate chini. Wakikuja, watukute pamoja."

Lori likasimama Arua. Tulishuka wote, isipokuwa Viola, kalamu mkononi, na mama aliyekuwa akimngoja.