Ng'ombe wa Mume Aliyerudi Nyuma

Ilikuwa kiangazi cha mwaka 1956, ndani ya basi liendalo Kahama. Mbele yangu Mzee Bujiku, ambaye mkewe alimkimbia wakati wa mavuno, alikuwa akienda Nyasubi kudai ng'ombe wake wa mahari kwa wakwe. Njiani aliibeza sinema iliyoonyeshwa Ngokolo, ya mume anayerudi miaka ya nyuma ili amchumbie upya mke aliyemkimbia. "Upuuzi mtupu. Akirudi kabla ya posa, ng'ombe wa mahari wamo katika zizi la nani?"

"Baba, mke hakufukuzwa na ng'ombe," alijibu Generosa, muuza vitunguu aliyeketi kando yake. "Alifukuzwa na matusi. Hata angerudi miaka mia, mdomo angekwenda nao."

Basi likafika Nyasubi. Mkewe alikuwa kituoni akiuza karanga. Bujiku alishuka, akavua kofia, akamlipa samahani aliyokuwa akidaiwa tangu mavuno.