Maji Yamegoma Kwa Mansuetus

Kijiwe chetu kiko Mbinga mjini, nyuma ya stendi, pale ukuta wa duka la pembejeo unapotupa kivuli. Benchi ni ubao mmoja juu ya matofali, na ukikaa mwisho wa kushoto utainuka na msumari. Kahawa ni ya Thabiti, ambaye babu yake alitoka Kilwa, naye hachoki kutukumbusha kwamba sisi tunailima na kuiuza yote, halafu yeye ndiye anatufundisha kuinywa. Mimi nashona viatu pembeni, kwa hiyo mikono yangu ina kazi lakini masikio hayana. Wengine ni Nahodha, jina lake Sixbert, aliyekuwa mpishi kwenye meli ya ziwani na hajawahi kushika usukani. Na Askofu, yaani Ildefonsi, ambaye seminari ilimshinda mwaka wa kwanza. Asubuhi hiyo alikuja Mansuetus, tunayemwita Mwenyewe kwa kuwa kila kitu nyumbani kwake anafanya mwenyewe. Alikuwa na matope hadi magotini.

— Unatoka shambani? — Thabiti akamuuliza, akimmiminia.

— Chooni, — akajibu Mwenyewe.

Askofu akasogea kidogo.

— Lile bomba la marehemu mzee bado linasumbua?

— Nimeling'oa. Lilikuwa la saruji, mzizi wa ule mti wa mgrivea umeingia ukalijaza lote.

— Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti, — akasema Nahodha.

Ilikuwa mara yake ya kwanza kuipatia methali, na hakujua.

— Nikaweka la plastiki, inchi nne, — Mwenyewe akaendelea. — Kila kiungo gundi. Halivuji popote. Nikamwaga ndoo ya maji, ikaingia vizuri. Ya pili ikasimama. Ya tatu ikarudi kunitazama.

— Limeziba hilo, — Askofu akasema.

— Limeziba na nini, na ni jipya? Nimepitisha ufito wa mwanzi, umetokea shimoni msafi.

— Basi shimo limejaa.

— Halijafika hata nusu.

Hapo tukasogeza vikombe karibu, maana jambo lilikuwa tamu. Bomba zima, halijaziba, shimo lina nafasi, na maji hayaendi. Mimi nikaweka sindano chini.

— Kwani una haraka gani? — nikamuuliza. — Msubiri fundi.

— Fundi yuko kijiji cha Ukata, anajenga. Na mama hawezi kusubiri. — Akakishika kikombe bila kunywa. — Tangu juzi hali chakula cha jioni. Anasema hana njaa. Chai haigusi. Mimi najua, anaogopa usiku usije ukamlazimisha kwenda kubisha hodi kwa watu kuomba choo.

Nilimhurumia kweli. Bibi Tadea tunamfahamu, ni mama ambaye hajawahi kuazima hata chumvi kwa jirani. Mtu wa namna hiyo kulala na njaa kwa ajili ya choo ni aibu yetu sote.

— Ni hewa, — Askofu akaamua. — Saruji inapumua, plastiki haipumui. Maji yanaikuta hewa imeshakaa, yanarudi.

— Nimeweka bomba la hewa.

— Limeelekea wapi?

— Juu.

— Ndiyo kosa. Hewa ya Mbinga ni ya baridi, nzito, haipandi.

Thabiti akatikisa kichwa.

— Acheni hewa. Bomba lina maandishi ubavuni. Ulipolilaza, yalikuwa yanasomeka kuelekea wapi?

Mwenyewe akafikiri.

— Kuelekea nyumbani.

— Sasa unashangaa nini? Maji yanafuata maandishi. Umelilaza kinyume.

— Bomba lina matundu mawili sawasawa, — nikasema.

— Hata suruali. Ivae mbele nyuma, uone utakavyotembea.

Nahodha alikuwa anasubiri zamu yake, akasafisha koo.

— Nyie hamjakaa ziwani. Ziwa likipanda kule Mbamba Bay, linasukuma maji ya chini kwa chini, yanapita chini ya milima mpaka huku. Shimo la Mwenyewe linapokea kutoka Nyasa.

— Nimesema halijafika nusu, Nahodha.

— Saa hizi ziwa limevuta pumzi. Ukimwaga ndoo, linatoa. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani.

— Maana yake?

— Kilichotoka kwako kitakurudia chooni.

— Hiyo siyo maana yake, — akasema Thabiti, ambaye methali za pwani anazilinda kama mali ya ukoo.

— Wewe umewahi kupika melini?

Hakuwa amewahi, kwa hiyo akashindwa hoja.

— Mgrivea uliukata? — Askofu akarudi kwa sauti ya kanisani.

— Niliukata. Kisiki bado.

— Basi tumemaliza. Kisiki kile kimekunywa maji ya nyumba yenu tangu baba yako yuko hai. Leo unayapitisha pembeni yake kwenye plastiki, hakipati kitu. Kinayaita. Damu nzito kuliko maji.

Hata mimi nilianza kukiogopa kile kisiki. Mwenyewe akakataa.

— Kisiki nimekikwepa mbali. Bomba la mzee lilishuka moja kwa moja na mteremko. Mimi nimekata kwa ubavu wa mteremko. Na mtaro ule, jamani, njooni muuone. Nimeupima kwa mpira wenye maji, uko sawa mwanzo mpaka mwisho, hakuna kupanda wala kushuka. Mdomoni mwa shimo nikainua kingo ya udongo, bomba likapita juu yake, ili maji yasiende mbio yakabomoa ukuta.

— Hapo umefanya kazi, — Askofu akamsifu. — Maji yakikimbia yanachimba.

— Kingo ni muhimu, — nikasema mimi.

Nahodha naye akakubali. Kwetu sisi Wamatengo mtoto anashikishwa jembe kule Maguu kabla hajajua kuandika jina lake, na kazi ya kwanza ni ngoro, yale mashimo yaliyopangana mteremkoni, kila moja na kingo zake, mvua inyeshe itulie humohumo isiondoke na udongo. Mtu akisema amechimba sawa na akainua kingo, Mmatengo yeyote atampa mkono.

Mwisho wa kushoto wa benchi alikuwa amekaa mama mmoja aliyepanda na hiace ya asubuhi kutoka Mbamba Bay, ana ndoo yake ya usipa mkavu, wale dagaa wa ziwani, anasubiri basi la Songea. Jina lake, alitwambia baadaye, ni Aurelia. Alikaa juu ya ule msumari bila kulalamika, anasikiliza.

— Samahani, wazee wangu, — akasema. — Naweza kuuliza?

— Uliza, mama, — Askofu akamruhusu.

— Hayo maji ya choo, mnataka yakae au yaende?

Askofu akageukia kikombe chake. Nahodha, aliyejua ziwa linavyovuta pumzi, akaanza kuangalia soli za viatu vyangu. Thabiti akatikisa birika, na birika lilikuwa tupu muda mrefu. Yule mama akatutazama mmoja mmoja, kwa adabu, akidhani labda hatukusikia.

— Nimekichimbia choo ngoro, — Mwenyewe akasema taratibu.

Hakuna aliyecheka. Tungechekaje, na mtaro tumeusifu sote?

— Tena jana mama alitoka na fimbo yake kuukagua, — akaendelea. — Akafurahi sana. Akaniambia, mwanangu, hapa hata tone halitakimbia.

Tuliinuka wote. Thabiti akamwachia mama Aurelia birika amwangalizie, tukaenda kila mtu na jembe la kuazima. Tukaivunja ile kingo, tukachimba zaidi kuelekea shimoni, bomba likalala huku likishuka kidogo kidogo. Tulikuwa katikati ya kazi Bibi Tadea alipotokea uani.

— Shikamoo, Bibi.

— Marahaba. Mbona mnauharibu mtaro mzuri hivi?

Tukaangalia majembe. Mwenyewe akapangusa mikono.

— Mama, maji haya tunayaacha yakimbie.

Alimtazama mwanawe kwa muda mrefu, kama anayejiuliza alimlea vipi. Mwenyewe akaingia ndani, akamwaga ndoo. Tukayasikia yakipita miguuni mwetu, yakashuka, yakaanguka shimoni. Akamwaga ya pili. Ya tatu nayo ikaenda.

— Yamekwenda, — Bibi Tadea akasema, na nilisikia sautini kwamba yanamuuma kidogo.

Kisha akageuza fimbo yake, akaingia chooni kwake, akafunga mlango. Sisi tukageukia mibuni, tukaanza kubishana kwa sauti kubwa kuhusu mvua za mwaka huu.