Jeremy Mugambi Kirimi, Fundi wa Karavani Zisizovuja (1958–2025)

Jeremy Mugambi Kirimi alizaliwa tarehe 14 Machi 1958 huko Nkubu, Meru, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Kirimi na Mama Gatwiri. Mama yake alisimulia kwamba mtoto huyo hakuweza kusikia mlango unaolia bila kuufuata na mafuta ya kupikia. Ndivyo alivyobaki hadi uzeeni, hata akiwa mgeni kwenye nyumba za watu.

Alisoma shule ya msingi Nkubu, kisha akajifunza useremala Nairobi na kuhitimu mwaka 1979. Darasani hakuwa wa kwanza wala wa mwisho. Kwenye karakana hakuwa na mpinzani, naye alilijua hilo na kulisema mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Tarehe 17 Desemba 1988 alifunga ndoa na Kagendo, wakajaliwa Mwenda na Maryanne. Februari 1995 alikuja Johannesburg, akafanya kazi katika karakana ya chuo kikuu, Braamfontein, hadi alipostaafu mwaka 2018. Kupumzika kulimshinda. Mwaka huohuo alikodi uwanja Troyeville, akaanza kununua karavani kuukuu, zile nyumba ndogo za kukokotwa na gari, ili azitengeneze na kuziuza.

Ya kwanza aliikosea sana. Aliipamba kama sebule ya Nkubu: vigae sakafuni, kabati la vyombo la mbao ngumu, vitambaa vya kufuma juu ya kila kiti. Watu wa kanisani tulimsifu, kichwa kikamvimba. Wateja waliingia, wakatabasamu, wakajaribu kuinua chuma cha kukokotea, wakaaga. Gari la kawaida lisingeiweza. Karavani ilikaa uwanjani miezi minane. Rafiki yake Placide, fundi cherehani wa kutoka Lubumbashi aliyeshona mapazia yake, ndiye aliyethubutu kumwambia: "Papa Jeremy, hii umejenga ni nyumba. Batu banataka kutembea!"

Alinuna siku mbili, halafu akabandua vigae vyote. Tangu hapo alianza na yale yasiyoonekana: kuziba paa, kupaka beringi grisi, kukagua breki na mipira ya gesi. Kila kazi aliipiga picha na kuiandika daftarini. Mteja akija, alimketisha ndani na kikombe cha chai, kisha yeye akapanda ngazi na kulimwagia paa maji kwa mpira nusu saa nzima. Tone moja likidondoka, hauzi. Tulimcheka, lakini wateja walianza kuletana.

Juni 2024 madaktari walimkuta na saratani ya tumbo. Hakuogopa kifo kama alivyoogopa lango la Troyeville kufungwa. Mwenda ana kazi yake Cape Town, na Maryanne, mfanyakazi wa benki, alikuwa hajawahi kushika bisibisi. Hata hivyo Maryanne alianza kuja kila Jumamosi, na baba yake akamwelekeza akiwa kitini, bila subira hata kidogo. Karavani yao ya mwisho ilikuwa na doa la maji chini ya dirisha. Ukuta walikuwa wameutengeneza, doa likabaki.

"Bandikeni karatasi ya ukutani, mtu asilione," Kagendo aliwashauri.

"Mama Mwenda, mwache alione," Mugambi akajibu.

Jumamosi tarehe 1 Novemba 2025, Mugambi akiwa amelazwa, mhadhiri Owuor na mkewe Moraa walifika uwanjani. Maryanne alikuwa peke yake.

"Hapa palivuja, siyo?" Owuor aliuliza.

"Eish, palivuja. Mbao zilioza, tukazitoa. Picha ni hizi." Akawapa daftari, akawachemshia chai, akabeba mpira wa maji.

Baada ya nusu saa Moraa alitoka, mkavu kabisa. "Wiki hii tumeona tatu, zote zimepakwa rangi mpya," alisema. "Hii angalau tunajua iliugua nini." Wakaichukua.

Maryanne alipompigia baba yake simu, hakuulizwa bei. Aliulizwa, "Nani alipanda juu?"

"Mimi, Baba."

"Sharp," akasema, kama wasemavyo hapa Johannesburg kazi ikiwa safi. Kagendo, aliyeketi kando ya kitanda, anasema mumewe alicheka hadi machozi yakamtoka, na usingizi wa siku ile ulikuwa mzuri kuliko wa mwezi mzima. Alituaga Jumatano tarehe 5 Novemba, saa tatu asubuhi, mkono wake ukiwa katika mkono wa mkewe.

Ameacha mke, Kagendo, watoto, Mwenda na Maryanne, mkwe, Brigitte, wajukuu, Shekinah na Kirimi mdogo, na Placide, ambaye hatuwezi kumwita rafiki tu. Tutamkosa sana. Maryanne ameomba tuwatangazie kwamba lango la Troyeville litafunguliwa Jumatatu, saa mbili asubuhi.

Pumzika kwa amani, Mugambi. Kazi ina mwenyewe.