Na Ugonjwa Nao Uwe wa Lazima

Benchi la mbao mbele ya kibanda cha fundi viatu lilijaa tangu redio itangaze hukumu: bima ya afya ya lazima haivunji katiba. Fundi mwenyewe, ambaye kwa ubishi wake walimbandika jina la Jaji, alikuwa ameapa mwezi mzima kwamba mahakama itaitupa sheria hiyo. Sasa alipigilia kisigino, macho chini, huku Birika, muuza kahawa, akiwajazia vikombe.

— Umebwagwa, Jaji, — alisema Kinyozi.

— Sijabwagwa. Nakata rufaa hapahapa. Bima ikiwa ya lazima, na ugonjwa nao uwe wa lazima. Katiba inataka usawa.

— Hapo umenena, — Mpakarangi akadakia. — Watatugawia kwa mitaa. Huku mafua, ng'ambo kuumwa meno.

— Mimi nahamia ng'ambo, — Jaji alisema. — Nimebakiwa na meno manne, sina cha kupoteza.

— Na ukimaliza mwaka bila hata kikohozi, — Kinyozi alizidi kupaa, — unashtakiwa. Ndiyo maana wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone.

— Hiyo inaingiaje?

— Mgeni ni daktari. Jaji gani wewe, hujui hata sheria?

Wakacheka mpaka benchi likalia. Jaji naye alicheka, ila moyoni alificha dhambi: wiki iliyopita ngiri ilipombana, alikwenda kujiandikisha kimyakimya. Kadi ilikuwa sandukuni, chini ya soli. Kila sala aliitubia, na kila kikombe aliirudia kwa kuiponda bima mbele ya wenzake.

Akatokea mke wa Birika, mimba ya miezi minane ikimtangulia.

— Shikamoo, Baba Jaji.

— Marahaba, mwanangu.

— Mume wangu alipoleta fomu ya bima, ulimkataza kujiandikisha. Wewe je, umejiandikisha?

Nyundo ikaishia hewani. Kinyozi akachungulia kikombe chake kana kwamba kuna kitu kimezama. Mpakarangi akafunika mfuko wa shati, lakini ncha ya kadi ilikwisha kuchungulia.

— Mungu anisamehe, — Jaji alisema, akaitoa yake chini ya soli. — Ninayo. Birika, lete ile fomu nikujazie sasa hivi.

Birika alikitazama kikombe kilichokuwa kando ya Jaji.

— Hiyo unayokunywa ndiyo fomu, mzee. Si ulisema inafaa kuwashia jiko tu? Nimewashia asubuhi.

Jaji alikisukuma kikombe mbali. Akafunga sanduku.

— Nyanyuka, twende kwa karani tukaombe nyingine.

— Na kahawa? — Kinyozi akauliza.

— Imekwisha, — alijibu mke wa Birika, akaifunika birika iliyojaa.