Bi Mwanaharusi Badi Shee, Aliyefungua Mizigo ya Wasafiri wa Kismayu

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, aliyetuazima Bi Mwanaharusi tukakaa naye mpaka tukasahau kwamba ni wa kurudishwa. Wasifu huu umeandikwa na binti yake mkubwa, Zakia, na unasomwa katika hitima hii na Nasrudin Fumo, mtoto wa kaka wa marehemu. Nasrudin ameombwa asiruke mstari, hasa mistari inayomhusu yeye mwenyewe.

Marehemu alizaliwa kisiwani Koyama, mwezi wa Mfungo Sita, mwaka 1936, akiwa mtoto wa pili wa Mzee Badi Shee, fundi wa vyombo vya baharini, na Bi Mwanalima. Mamake alikuwa akisimulia kwamba mtoto huyu, tangu alipojua kushika sindano, alishona kila kilichokuwa na mdomo. Jirani anakwenda kuchukua kikapu chake atie mihogo, anakuta kimeshonwa kitupu! Alichapwa kwa hilo, na hakuacha.

Alisoma chuoni hapo hapo Koyama na kuihitimu Qur'ani mwaka 1948. Skuli nyingine hakuipata hadi 1973, serikali ilipotangaza kampeni ya kusoma na kuandika. Alikaa darasa moja na binti yake Zakia, na siku ya mtihani mmoja wao alichungulia karatasi ya mwenzake. Aliyechungulia si mama.

Mwaka 1955 aliolewa na Bwana Khamis Mahmudi, baharia, mtu wa maneno machache na vicheko vingi. Mwaka 1967 walihamia Kismayu, kwa sababu Bwana Khamis alipata kazi katika meli zilizochukua ng'ombe kwenda Uarabuni. Nyumba yao ilikuwa njiani kuelekea bandarini, na hapo ndipo Bi Mwanaharusi alipoanza kazi iliyomtambulisha. Msafiri alikuja na kanda lake la ukili limejaa. Yeye alilifunika kwa kipande cha gunia, akalishona mdomo kwa shazia, sindano nene ya magunia, na uzi wa katani, kisha akalitia alama ya uzi wa rangi. Mshono wake haukufumuka baharini, wala hamali hakuweza kuingiza kidole. Watu walisema mzigo wa Bi Mwanaharusi unafika kama ulivyoondoka, na hiyo ilikuwa kweli, tena ndiyo iliyoleta balaa.

Maana sote tunajua desturi yetu. Mtu akisafiri, mtaa mzima unasafiri naye. Huyu ana ng'onda, samaki wakavu, za mwanawe, yule ana hina ya dadake, mwingine halwa ya mume. Kila kifurushi ni amana, na amana haifunguliwi, kwa sababu kuifungua ni kumwambia mwenzako usoni kwamba humwamini. Bi Mwanaharusi alilelewa hivyo, na nani kati yetu hakulelewa hivyo?

Mwezi wa Februari 1971 Bwana Khamis alikuwa anaondoka na meli. Jirani yao, Bi Barke, alileta kifurushi cha kaka yake aliyekuwa akifanya kazi huko Uarabuni. Bi Barke yupo hapa leo upande wa wanawake, na ndiye aliyesisitiza jina lake litajwe. "Msinifiche," alimwambia Zakia. "Nikifichwa mimi, wema wake nao utafichwa." Ndani ya kifurushi, chini ya ng'onda, mlikuwa na majani makavu ya mirungi, ya kuchemsha kama chai. Wakati ule hapa kwetu mirungi ilitafunwa vibarazani mchana kweupe. Bi Barke hakujua kama kule ni jinai, na Bi Mwanaharusi hakujua kama yamo. Alilishona kanda kwa mkono wake, mshono wa kupendeza kuliko yote, kwa kuwa lilikuwa la mumewe.

Kule bandarini askari wa forodha walilipasua kwa kisu. Bwana Khamis aliulizwa mzigo wa nani, akasema wangu. Hakumtaja Bi Barke wala kaka yake. Alihukumiwa miaka mitano, kwa lugha ambayo aliielewa nusu.

Habari zilipofika, Bi Mwanaharusi hakupiga kelele. Alikwenda kwa Bi Barke, ambaye alikuwa amejifungia ndani hali wala hanywi, akagonga mpaka akafunguliwa. Akamwambia, kwa lahaja yetu ya visiwani ambayo watu ni wachu, "Wewe ulikosa kujua, na mimi nilikosa kutazama. Ondoka ule, Barke. Sina nguvu ya kuwalilia wachu wawili." Tangu siku ile walipika pamoja. Kwa miaka yote ambayo mume hayupo, watoto watatu walilelewa na akina mama wawili, na wote watatu wanashukuru, ingawa viboko navyo viliongezeka mara mbili.

Tangu hapo pia alikuwa na sharti moja mlangoni kwake: hashoni asichokiona. Kila kifurushi kilifunguliwa juu ya mkeka mbele ya mwenyewe. Lo, watu walinuna! Walimwita Bi Forodha. Wengine waliapa hawatarudi, wakarudi, kwani mshono kama wake hawakuupata kwingine. Aliyelalamika aliambiwa, "Mwanangu, hapa nikikukuta na kichu nitakugombeza, nakujua wewe ni mtoto wa fulani, tutacheka. Hakimu wa kule hajui wewe ni mtoto wa nani."

Bwana Khamis alirudi Septemba 1975, katikati ya Ramadhani, baada ya kupunguziwa kifungo. Zakia aliambatana na mamake bandarini. Mama aliogopa kwamba mtu aliyefungwa kwa mshono wake anarudi kumpa talaka. Bwana Khamis alishuka amekonda, mvi zimemtoka, kikapu kidogo mkononi. Akakiweka miguuni pa mkewe mbele ya watu wote, akasema, "Fungua kwanza. Nasikia siku hizi hapiti mchu." Ndani mlikuwa na kanga na chupa ya marashi. Bi Mwanaharusi alicheka na kulia kwa pamoja, hata waliofunga wakasahau kiu yao.

Sasa Nasrudin asome polepole.

Mwaka 1984 Nasrudin alipata kazi ya ufundi huko huko Uarabuni. Alikuwa amemchumbia Mwanapili, binti wa Sharif Idarus, na kila mtu anajua alivyomhangaikia. Wakati huo habari zilikuwa zikifika kwamba sheria za kule zimezidi ukali, na kwamba wengine wanaokutwa na dawa za kulevya hawarudi kabisa. Alasiri ya kuamkia safari, Sharif mwenyewe alikuja na bati la samli lililochomelewa kifuniko, akaomba liingizwe katika kanda la mkwewe mtarajiwa.

Bi Mwanaharusi alimkaribisha kwa kahawa. Kisha akasema, "Sharif, nifungulie bati nilione."

"Ni samli, Bi Mwanaharusi. Nimepewa amana nimpelekee mchu wa heshima."

Nasrudin alimvuta shangazi yake buibui. "Shangazi, wanitia aibu! Huyu ni mkwe!"

"Atakuwa mkwe ukirudi mzima," akajibiwa, wala si kwa kunong'ona.

Sharif aliinuka. Alisema katika umri wake hajapata kupekuliwa, na kama nyumba hii haimwamini, basi na posa irudishwe. Hapo Nasrudin alikaribia kulia, na asikatae leo, mashahidi tupo. Alimsihi shangazi ashone tu, yaishe. Bi Mwanaharusi naye alimpenda kijana yule kama mwanawe, na alijua anaivunja ndoa yake. Akaliweka shazia chini.

"Sharif, nakuamini wewe. Aliyekupa simjui, na wewe humjui. Mume wangu nilimshonea kwa imani, akakaa gerezani miaka minne na zaidi. Huyu simshonei kwa imani. Ukitaka kukasirika, kasirika, mimi nitakuja kwako magoti chini. Lakini fungua."

Sharif akaomba kisu, akalitoboa bati yeye mwenyewe. Samli ilikombwa kwa upawa ikamiminwa sufuriani. Chini kabisa paliibuka furushi la nailoni, limekazwa kwa kamba, na ndani yake bangi iliyoshindiliwa. Sharif aliketi mkekani, kilemba kikamlegea. Alikuwa amepewa na mgeni mmoja waliyesali naye safu moja, naye hakufungua kwa sababu ile ile ambayo sisi sote hatufungui. Mgeni alipotafutwa alikuwa ameshaondoka mjini. Bangi ilichomwa uani, samli ikamwagwa, na kanda likashonwa.

Nasrudin alikwenda, akafanya kazi, akarudi likizo mwaka 1986, akaoa. Siku ya harusi Sharif alisimama akasema, "Binti yangu alikaribia kukaa eda kabla ya kuolewa. Mshukuruni Bi Forodha." Jina lililokuwa la kejeli likawa la heshima kuanzia siku ile. Asanteni nyote mliolitumia kwa mapenzi.

Miaka miwili ya mwisho marehemu alisumbuliwa na sukari, kisha figo. Mwezi Mei mwaka huu alipelekwa Mogadishu kutibiwa, na majirani, bila haya, walimletea vifurushi vya jamaa zao wa huko. Akiwa amelala hoi kitandani alivifungua vyote, kimoja kimoja, na pakiti moja ya biskuti aliirudisha kwa kuwa imeshaliwa nusu. Madaktari na wauguzi walijitahidi, Mungu awalipe. Alirejea nyumbani mwezi Julai, kwa hiari yake.

Siku ya Alhamisi, tarehe 11 Agosti 1988, Bi Barke alikuwa amemshika mkono. Alimwambia, "Dada, ukifika nisalimie mamangu. Na mwambie..." Bi Mwanaharusi akafumbua macho. "Salamu nitachukua," akasema. "Mzigo wako ule wa moyoni uache, Barke. Niliufungua siku ile niliyokugongea mlango, haukuwa na kichu." Alitamka shahada kabla ya adhuhuri, akatuaga.

Ameacha mume, Bwana Khamis Mahmudi. Watoto watatu, Zakia, Hafswa na Fakihi. Kaka yake, Mzee Fumo Badi. Wajukuu saba, akiwemo Mwanaharusi mdogo wa Nasrudin na Mwanapili. Na Bi Barke, ambaye hakuna neno la ujamaa linalomtosha. Ameacha pia wasafiri wengi waliofika salama wakarudi salama, na wengine hawajui hata leo walichoepushwa nacho.

Aliyeshona mizigo ya mji mzima amesafiri katika nguo isiyo na mshono, na safari hii hakubeba cha mtu. Ewe Mola, mpokee kwa upole, umpumzishe kwa salama. Amina.