Busaa ya Samaki wa Riruta

Wasikilizaji wapendwa, kitu cha kwanza alichokiona Nasambu kilikuwa kama kipande cha uzi. Kilikuwa chekundu. Kilijikunja kwenye matope ndani ya chujio la chai. Kilikuwa hai.

Matope hayo yalitoka katika bwawa la samaki la baba yake mdogo, Boaz Shivachi, kule Riruta. Boaz wa mabwawa mawili. Alitutoka Jumanne.

Boaz alichanganya molasi, maji na unga wa bakteria wazuri, wale wanaokula uchafu wa chini ya bwawa. Mtungi ulichachuka siku tatu. Kosa lake lilikuwa jina. Kwa kuwa ni mtu wa Kakamega, aliuita "busaa ya samaki", kama ile pombe ya nafaka ya kwao. Jirani yake Kiarie akaja na kikombe.

"Mzee Shivachi, niwekee kidogo."

"Hii ni ya samaki, wewe!"

"Kwani samaki wako wanalewa?"

Akaonja. Akatema. Riruta ikacheka mpaka mtaa wa Kabiro.

Nasambu, msichana wa maneno machache, ndiye aliyetumwa kumwaga busaa hiyo katika mabwawa yote mawili kila Jumamosi. Kisha alichota matope, akachuja, akahesabu vijinyoo vyekundu, kwa kuwa samaki huvila. Bwawa la juu, arobaini na kimoja. Bwawa la chini, sita. Matope ya juu yaliacha kunuka. Ya chini yalibaki meusi, yakinuka vilevile.

Boaz hakuelewa. Mabwawa mawili, dawa moja, mbona hivi?

"Ni bahati tu, mzee," Kiarie alimwambia. "Hiyo busaa yako ni maji."

Mkewe Mourine anasema swali hilo lilimfuata hadi hospitalini. "Aliniuliza, 'Mama Whitney, kwani nilikuwa namwaga maji tu?' Akaenda na swali lake."

Mama Whitney na familia yote, poleni sana. Mungu awatie nguvu. Nasi tulio na jibu ambalo mtu analisubiri, tujiulize tunalishikilia kwa nini.

Nasambu alikuja hapa studioni jana. Akasema, polepole, akiitazama meza kana kwamba Boaz anamsikia:

"Baba mdogo, bwawa la chini sikulitia kitu. Hata siku moja. Nilitaka kuona tofauti, halafu nikaogopa kukuambia. Busaa yako inafanya kazi."